Darubini Ijuayo Njia: Historia na Thamani ya Chombo cha Mwanafunzi wa Nyota

Mwaka 1987 kampuni ya Celestron, ya jimbo la California nchini Marekani, ilitoa darubini iliyopewa jina la Compustar. Chombo hicho kilikuwa na mota, kompyuta ndogo, na rimoti yenye vitufe. Mtazamaji alibonyeza namba ya kitu alichotaka kukiona, na darubini ikageuka yenyewe hadi ikakielekea. Kabla ya hapo uwezo wa namna hiyo ulikuwa wa vituo vikubwa vya falaki, vilivyoendeshwa kwa fedha za serikali na za vyuo vikuu. Sasa ukawa unauzwa kwa mtu binafsi, ijapokuwa kwa bei iliyomuduwa na wachache. Miaka mingi imepita, na bei imeshuka mno; leo anayetaka kununua darubini yake ya kwanza huonyeshwa dukani, kabla ya kingine chochote, ile iliyo na kompyuta.

Swali lililozaliwa mwaka ule bado halijazeeka: je, darubini ijuayo njia humfaa mtu asiyeijua? Matangazo ya wauzaji hujibu kwa haraka kuwa humfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Historia ya chombo chenyewe hujibu kwa utaratibu zaidi. Darubini ina kazi tatu: kukusanya nuru, kusimama imara huku ikifuata mzunguko wa mbingu, na kujua pa kuelekea. Kazi hizo zilitatuliwa kwa mpangilio huo huo, na kila moja imejengwa juu ya ile iliyotangulia. Tangazo huanza na ya tatu, na mnunuzi asiye na uzoefu naye huanzia hapo hapo. Chanzo cha majuto mengi ni mpangilio huo uliogeuzwa miguu juu.

Na tuanze na nuru. Galileo Galilei hakuivumbua darubini. Mafundi wa miwani wa Uholanzi walimtangulia mwaka 1608. Alichokifanya yeye ni kuitengeneza upya kwa mikono yake, akaielekeza juu, na Januari 1610 akaiona miezi minne ya Mshtarii. Mwaka 1668 Isaac Newton aliacha lenzi akatumia kioo kilichochongwa kwa mbonyeo, na kwa njia hiyo akaiepuka ile mizingo ya rangi iliyokuwa ikiharibu taswira katika lenzi za zama zake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwanamuziki mmoja wa mji wa Bath nchini Uingereza, William Herschel, alijifunza mwenyewe kusaga na kung'arisha vioo. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwa chombo cha kipenyo cha sentimita 16 hivi, aliiona sayari ya Uranus, ambayo hakuna aliyewahi kuitambua kuwa ni sayari. Kioo kilichoongeza sayari moja katika elimu ya wanadamu hakikuwa kikubwa sana kuliko kile kinachouzwa leo kwa wanaoanza.

Kipimo cha kwanza cha darubini, basi, ni kipenyo cha mdomo wake. Mboni ya jicho la kijana, ikizoea giza, hufunguka kama milimita 7. Darubini ya milimita 90 hukusanya nuru mara 165 kuliko jicho hilo. Ya milimita 130 hukusanya mara 345, yaani zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza, ingawa kwa kuzitazama dukani tofauti yao haionekani kuwa kubwa. Kwa jicho linalotazama, hakuna programu iwezayo kuongeza hata chembe moja ya nuru ambayo kioo hakikuikusanya. Aidha, kadiri nuru inavyopungua ndivyo ukuzaji unavyokosa maana. Kanuni ya kale ya watazamaji ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita: darubini ya milimita 60 huishia mara 120, na boksi lililoandikwa kuwa hukuza mara 500 linamwahidi mnunuzi ukungu mkubwa.

Kazi ya pili ni kusimama na kufuata. Dunia huzunguka, na nyota huonekana kusogea digrii 15 kwa saa. Katika darubini inayokuza sana, Zohali huvuka uwanja wa kuonekana na kupotea kabla mtu hajamwita mwenziwe aje kutazama. Mwaka 1824 fundi wa Kijerumani Joseph Fraunhofer alikamilisha darubini kwa ajili ya kituo cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu nchini Estonia. Lenzi yake ilikuwa ya sentimita 24, lakini lililowashangaza wanafalaki zaidi ni stendi yake. Mhimili mmoja ulielekezwa sambamba na mhimili wa dunia, na mtambo wa saa ulioendeshwa kwa uzito uliushusha na kuuzungusha taratibu, kiasi kwamba nyota ilisimama tuli mbele ya jicho. Stendi ya namna hiyo huitwa ya kiikweta, na hadi leo ndiyo msingi wa upigaji picha za mbingu.

Ndiyo iliyowezesha picha za awali za vitu hafifu. Tarehe 30 Septemba 1880 Henry Draper wa New York aliipiga picha nebula ya Orion kwa kuuacha mlango wa kamera wazi dakika 51. Mwaka 1883 Mwingereza Andrew Common alipata picha ya nebula hiyo hiyo iliyoonyesha nyota ambazo hapana jicho lililopata kuziona. Kuanzia hapo kamera iliacha kuwa kumbukumbu ya kilichoonekana. Ikawa ni njia ya kuona kisichoonekana. Lakini sharti lake lilikuwa gumu: kwa muda wote huo darubini isitikisike, isichelewe, wala isitangulie.

Kazi ya tatu, ya kujua njia, ndiyo yenye historia ndefu kuliko zote, kwani ilianza kabla ya darubini. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota, na ndani yake akakitaja kile kiwingu kidogo ambacho leo kinafahamika kuwa ni galaksi ya Andromeda. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid wa Julfar, mji wa pwani ya Ghuba, aliandika elimu ya bahari kwa nathari na kwa mashairi. Mmoja wa tungo zake unahusu njia ya Sofala. Ushairi ulikuwa ni chombo cha kazi: chenye vina na mizani hukaa kichwani, na nahodha aliye katikati ya upepo wa usiku hana nafasi ya kufungua kitabu. Alichokishika mkononi kilikuwa ni kamal, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo, akapima kimo cha nyota kwa vidole. Aliposhuka kusini Nyota ya Kaskazini ilizama, na hesabu ikahamia kwa nyota nyingine, zikiwemo za upande wa Suheli.

Ulaya nayo ilijenga kumbukumbu yake kwa maandishi. Charles Messier wa Paris, aliyekuwa akiwinda nyota zenye mkia, aliorodhesha viwingu vilivyokuwa vikimpotezea wakati wake. Orodha yake iliyochapwa mwaka 1781 ina vitu 103. William Herschel na dada yake Caroline walifagia mbingu utepe kwa utepe tangu mwaka 1783. Kaka alikuwa juu ya ngazi akitazama, na dada mezani akiandika kila alichotamkiwa na kukikokotoa kesho yake. Mwenyewe Caroline alivumbua nyota zenye mkia nane. Kazi yao ya nebula na vishada takriban 2,500 iliendelezwa na John Herschel, na mwaka 1888 John Dreyer akaikusanya pamoja na ya wengine katika orodha moja ya vitu 7,840, inayojulikana kwa herufi NGC. Herufi hizo ndizo anazozikuta mwanafunzi wa leo katika rimoti yake. Kompyuta ya darubini haikugundua chochote. Ni kumbukumbu za watu wa makarne zilizofungwa pamoja, na mota mbili zenye kutii.

California ya karne ya 20 ilitoa majibu mawili yaliyopingana kuhusu namna ya kumpa mtu wa kawaida mbingu. La kwanza lilikuwa la John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kuishi miaka mingi kama mtawa katika nyumba ya Vedanta mjini San Francisco. Dobson alisaga vioo kutokana na vioo vikuukuu vya madirisha ya meli, akavitia ndani ya bomba la karatasi ngumu, na bomba akaliweka juu ya sanduku la mbao linalogeuka kwa mkono. Mwaka 1968 yeye na wenzake waliunda kikundi cha kuwaonyesha wapita njia Mwezi na sayari kando ya barabara, bila malipo. Hakuwa na mota wala namba. Kwake yeye fedha yote iende katika kioo, na njia aijue mtu. Dobson alifariki mwaka 2014, na stendi aliyoieneza inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Jibu la pili lilikuwa la viwanda. Celestron ilikuwa imeanza kuuza darubini zake fupi za inchi 8 mwaka 1970. Mshindani wake, Meade, aliyeanzishwa mwaka 1972 katika jimbo hilo hilo, alimfuata nyuma kwa kila hatua. Miaka mitano baada ya Compustar, yaani mwaka 1992, Meade ilitoa LX200, na hiyo ndiyo iliyoifanya darubini ya kompyuta kuwa jambo la kawaida miongoni mwa watazamaji wenye uwezo. Mwaka 1996 ikaja ETX, ya milimita 90, iliyobebeka kwa mkono mmoja. Haikuzaliwa na kompyuta, ila ilipewa kabla ya muongo kwisha. Mwaka 1999 Celestron ikajibu kwa NexStar 5. Tangu hapo mtu aliyeanza jana aliweza kuwa na chombo ambacho, mwaka 1980, hata vyuo vingi havikuwa nacho.

Sasa thamani yake ipimwe kwa haki. Kwa kutazama tu, faida ya kompyuta ni ya kweli. Katika mji wenye taa nyingi, ambapo nyota za kuongozea hazionekani, kutafuta kishada hafifu kwa mkono huweza kumaliza saa nzima na subira yote. Mashine hukifikia kwa nusu dakika. Humfaa pia mwalimu mwenye wanafunzi thelathini wanaosubiri zamu, kwa sababu kitu hubaki mahali pake wakati mmoja anaondoka na mwingine anainama. Walakini msomaji asihadaike na idadi. Rimoti za NexStar za jamii ya SE, zilizotoka mwaka 2006, huhifadhi vitu takriban 40,000. Vingi katika hivyo ni nyota za kawaida, nyota pacha, na galaksi hafifu zisizoweza kuonekana kwa kioo kidogo. Mashine itageuka kwa uaminifu, italia kuashiria kuwa imefika, na mtazamaji ataona giza. Kwa bei ya darubini ndogo yenye kompyuta, mara nyingi hupatikana ya Dobson yenye kioo kikubwa kuliko hicho.

Kwa picha, hukumu inahitaji kugawanywa. Mwezi na sayari zina mwanga wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watazamaji wa majumbani waligundua kuwa kamera ndogo za kompyuta, zilizokusudiwa mazungumzo, zikifungwa penye lenzi ya kutazamia huweza kurekodi video ya Mshtarii. Programu ikachagua fremu zilizonaswa wakati hewa imetulia, ikazirundika pamoja, na ikatoa picha ambayo zamani ilihitaji kituo kikubwa. Kazi hiyo darubini ya kwanza yenye kompyuta huiweza. Nebula na galaksi ni jambo jingine. Stendi nyingi za wanaoanza si za kiikweta. Hugeuka juu na chini, kushoto na kulia. Huifuata nyota vizuri, lakini uwanja wenyewe huzunguka polepole mbele ya kamera kama sahani, na picha ikizidi sekunde 10 hadi 30 nyota za pembeni huanza kujipinda kuwa vitao. Zile dakika 51 za Draper hazipatikani hapo. Anayenunua chombo hicho kwa sababu ya picha za rangi zilizochapwa juu ya boksi amenunua ahadi ambayo stendi haiwezi kuitimiza.

Miaka ya karibuni imeleta njia ya kuuzunguka ugumu huo. Mwaka 2020 Celestron ilitoa StarSense Explorer, inayotumia kamera ya simu kuzitambua nyota na kumwonyesha mtu aisukume darubini upande gani; mkono ni wake, njia ni ya simu. Mwaka 2023 kampuni ya ZWO ya China ilitoa Seestar S50, kwa bei iliyokaribia dola 500 za Marekani. Lenzi yake ni ya milimita 50 tu, haina mahali pa kuweka jicho, na huamrishwa kwa simu. Hupiga picha fupi fupi, huzigeuza zilingane, na kuzirundika hadi nebula ijitokeze katika kioo cha simu. Kwa picha za nebula imewashinda wakubwa wake wengi. Lakini anayeitumia haitazami nuru yenyewe iliyosafiri; hutazama taswira yake, na lazima hilo lijulikane kabla ya fedha kutolewa.

Kwa mtu wa pwani ya Waswahili na visiwa vyake yapo mambo ambayo vitabu vya maelezo, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini, havimwambii. Unguja iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini, ambayo stendi za kiikweta hutegemea kupangiwa, haichomozi; mhimili huhitaji kulazwa karibu sawa na ardhi, na stendi nyingi hazishuki kiasi hicho. Kwa hiyo hapa darubini ya kompyuta inayojipanga kwa nyota mbili au tatu angavu, zozote zile, ina faida kuliko Ulaya. Kwa upande mwingine, sayari hupita juu karibu na utosi, na hapo ndipo stendi ya juu-chini husumbuka, kwa kuwa hulazimika kuzunguka kwa kasi ili isiachwe. Unyevu huotesha kuvu katika lenzi na chumvi hula vyuma. Betri nane ndogo huisha kwa usiku mmoja au usimalizike. La busara ni betri ya volti 12. Na rimoti huuliza tarehe kwa kutanguliza mwezi mbele ya siku, kama Wamarekani waandikavyo, na saa kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane: anayejibu 2 kwa saa mbili za usiku, badala ya 20, ataielekeza darubini kwenye mbingu za saa nyingine kabisa, kisha aseme kuwa ni mbovu.

Liko na suala la umri. Kioo kilichochongwa vyema, kikitunzwa na kupakwa upya, hutumika kizazi baada ya kizazi. Kompyuta hufuata umri wa kampuni. Meade iliuzwa kwa Wachina wa Ningbo Sunny mwaka 2013, ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 2019, ikachukuliwa na kampuni ya Orion ya California mwaka 2021, na mwaka 2024 Orion yenyewe ikafunga milango. Maelfu ya darubini zake bado zina vioo vizuri. Rimoti ikiharibika, mwenye nayo hutafuta cha kuokoteza. Hivyo, katika kununua, ni vyema kuuliza: mota zikinyamaza, je, bomba hili litaweza kusukumwa kwa mkono? Nyingine huweza, nyingine hazigeuki kabisa bila umeme.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wa nyota na atazame kwanza kipenyo, kisha uimara wa stendi, na kompyuta iwe ya tatu. Na kama shabaha yake ni picha za nebula, na aamue tangu mwanzo kati ya stendi ya kiikweta, yenye gharama na mafunzo yake, na kile chombo cha simu kisicho na jicho. Tena asiiachie rimoti kujua kwa niaba yake. Majina inayompa ayapange nayo si mageni kwake: Aldebaran ni mfuasi, Rigel ni mguu, Deneb ni mkia, Fomalhaut ni mdomo wa samaki, Achernar ni mwisho wa mto. Yametoka katika Kiarabu cha al-Sufi na watu wake, yakapita Ulaya, na sasa yanarudi pwani ndani ya plastiki. Suheli peke yake imepotea njiani: katika rimoti inaitwa Canopus, na jina la Suhail wamepewa nyota ndogo zaidi ya jirani.

Yule mfuasi, Aldebaran, anaifuata Kilimia, ambayo wakulima waliitumia kupanga misimu yao na ambayo katika orodha ya Messier ni namba 45. Kilimia ni mizani nzuri ya darubini yoyote ya kwanza. Upana wake ni kama digrii mbili. Darubini ya milimita 130 yenye bomba fupi, ikiwekewa lenzi ya ukuzaji mdogo, huionyesha yote, makumi ya nyota za buluu katika duara moja. Ile ya inchi 8, ya gharama kubwa na kompyuta bora, ina fokasi ndefu mno. Ukibonyeza 45 itakwenda pasipo kukosea, itasimama katikati ya kishada, na itaonyesha nyota chache tu, kwa kuwa zilizobaki ziko nje ya uwanja wake. Atakayejua kuwa amekosa kitu ni yule aliyekwisha kuinua kichwa akaiona Kilimia nzima kwa macho yake.